L6, S4, W3: jibu la jiwe la jangwani na jinsi ya kulisoma

Mtoto wa ami yangu, Seif, ni dereva wa lori la maji huko Oman, na njia yake ya kila wiki inapita Haima kushuka kusini, kwenye lile tambarare la changarawe nyeupe wanaloliita Jiddat al-Harasis, mahali unaendesha saa nzima huoni mti wala kilima. Siku moja kasimama pembeni kubadilisha tairi akaona jiwe jeusi limekaa peke yake juu ya changarawe, kubwa kama embe dodo, akalipiga picha akanitumia WhatsApp na ujumbe mmoja tu: "Kaka wewe ndo ulisoma mawe, hili nini?" Mimi niko Tanga, Ngamiani, nafanya kazi kwenye machimbo ya chokaa, jiolojia nilisoma Mlimani lakini kazi yangu ya kila siku ni chokaa na udongo. Ila vimondo ndo vilivonifanya nipende mawe tangu niko mdogo, kwa hiyo usiku ule sikulala.

Cha kwanza nilichomwandikia ni asilipakie kwenye lori. Oman vimondo ni mali ya nchi, kuvitoa nje bila kibali ni kosa, na hata kama sheria isingekuwepo, jiwe likiondolewa mahali pake bila mtu kuandika liliokotwa wapi linapoteza sehemu kubwa ya habari yake. Nikamwambia lipige picha likiwa palepale, weka funguo ya gari pembeni ukubwa uonekane, chukua GPS, alafu peleka taarifa kwa watu wa makumbusho. Akafanya hivohivo, Mungu ambariki, wenyewe wakaenda kulichukua, na baada ya mwaka na kitu akaletewa jibu, mstari mmoja tu: kondraiti ya kawaida (ni aina ya kimondo cha mawe), L6, S4, W3.

Jibu lile nikalisoma barazani kwa ami baada ya isha. Ami alisomesha shule ya msingi miaka mingi, akaiangalia simu mara mbili akaniuliza kwa dhati kabisa: hiyo L si ndo ya "chini" kwa Kiingereza? Na hiyo sita, na nne, na tatu, kwa hiyo jiwe la mwanangu limepata division ngapi?

Swali lake ndo limenifanya niandike haya, mana nimegundua karibu kila mtu anayeona herufi hizi anazisoma kama matokeo ya mtihani, kwamba namba ndogo ni nzuri au namba kubwa ni nzuri, kwamba kuna kufaulu na kufeli. Hakuna. Zile ni alama nne na kila moja inajibu swali lake, na majibu yametoka nyakati zilizoachana kabisa. L inasema jiwe limetengenezwa na nini tangu mwanzo. 6 inasema lilipata joto kiasi gani likiwa bado ndani ya mama yake huko angani, yaani asteroidi, mwamba mkubwa unaozunguka Jua. S4 inasema liligongwa vipi. W3 inasema jangwa limelifanya nini baada ya kuanguka. Ukitaka kwa lugha ya nyumbani, herufi ni cheti cha kuzaliwa, namba inayofuata ni homa ya utotoni iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki, S ni PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyepigwa, na W ni hali ya mwili uzeeni. Huwezi kuchukua PF3 ya mtu ukajumlisha na cheti chake cha kuzaliwa ukatoa wastani.

Kabla ya herufi zote lakini kuna swali la mlangoni, je hili ni kimondo kweli? Hapa sikai sana mana watu wengi wameshaandika, ila niseme yale ninayokutana nayo mwenyewe. Watu huniletea mawe meusi mazito kutoka Muheza, Pangani, hata Handeni, na mengi ni mavi ya chuma, yale mabaki ya wafua chuma au ya viwanda. Mavi ya chuma yana matundu ya hewa, kama andazi lililoumuka, na kondraiti haina matundu kabisa. Mengine ni madini ya chuma ya kawaida ya ardhini, hayo unayajua kwa kuyasugua nyuma ya kigae cha bafuni, upande usiong'arishwa: yakiacha mstari mwekundu au mweusi kama penseli basi sio. Kimondo cha mawe kwa kawaida hakiachi mstari wa maana. Alafu kina ganda jeusi jembamba lisilofika hata milimita 1, ndo ngozi iliyoyeyuka wakati jiwe linapasua hewa, na ukisugua pembe ndogo ukaona punje za chuma zinang'aa ndani ya jiwe la kijivu, hapo moyo unaruhusiwa kwenda mbio, mana mawe ya dunia yetu karibu yote hayana chuma halisi ndani, chuma chake kilishaungana na oksijeni zamani. Na ukilipima, kondraiti ni nzito, ujazo sawa na jiwe letu la chokaa utalizidi uzito kwa karibu robo au zaidi.

Na tafadhali usilisugue na sumaku kali. Najua video zote zinaonyesha sumaku. Lakini jiwe linaweza kuwa limehifadhi kumbukumbu ya usumaku wa mahali lilipozaliwa, na sumaku yako ya spika inaifuta kwa sekunde moja na hairudi tena milele. Jiwe la Mirihi linaloitwa NWA 7034, lililopatikana Sahara, vipande vyake vimekutwa vimeshafutwa kumbukumbu hiyo kwa sababu ya sumaku za waliovishika mwanzo. Ukitaka lazima kujaribu, ning'iniza sumaku ndogo dhaifu kwenye uzi, na ikionekana tu imevutwa kidogo acha hapohapo usiguse.

Haya, tumeshakubaliana ni kimondo. Kwa Kiswahili tunaita kimondo ule mwanga unaopita usiku na pia jiwe linalobaki chini, mimi hapa nazungumzia jiwe. Vimondo vimegawanyika makundi matatu makubwa: vya chuma, vya chuma mchanganyiko na mawe, na vya mawe. Kile cha Mbozi ambacho tumekisoma wote shuleni ni cha chuma, urefu wake karibu mita 3, na kwa sababu ya kile watu wengi nchini wanadhani kimondo lazima kiwe chuma kitupu. Kumbe katika vinavyoonekana vikianguka, kama 94 katika kila 100 ni mawe.

Vya mawe navyo vinagawanyika mara mbili, na huu mgawanyo ndo mkubwa kuliko yote: kuna kondraiti na kuna akondraiti. Kondraiti ni jiwe ambalo halikuwahi kuyeyuka lote. Fikiria kashata ya karanga. Punje zile za karanga ndo kondruli, vitone vya mawe vilivyoyeyuka vikaganda vikielea angani kabla hata dunia haijakamilika, miaka bilioni 4.5 na ushee iliyopita, vingi ni vidogo kuliko milimita 1, na sukari inayozishika ndo vumbi la wakati uleule pamoja na punje za chuma. Akondraiti ni kashata iliyorudishwa jikoni ikayeyushwa mpaka karanga zimepotea, chuma kikazama chini, na juu likabaki jiwe linalofanana sana na mawe ya volkeno. Peramiho kule Songea kilianguka kimoja cha aina hiyo mwaka 1899, kidogo tu cha gramu kama 165, ni yukraiti, na kundi hilo wanasayansi wanaliunganisha na asteroidi kubwa inayoitwa Vesta, ambayo chombo cha Dawn kiliizunguka mwaka 2011 mpaka 2012. Angalia basi, mkoa wa Ruvuma una kipande cha Vesta kwenye historia yake na hatufundishwi.

La Seif lilionekana kondraiti tangu kwenye picha, kwenye upande uliovunjika kulikuwa na viduara viwili vitatu hafifu. Ila nilimwambia ukweli kwamba picha inaishia hapo. Mtu akikwambia kwa picha ya simu hii ni L6 anakubahatishia, hata akipatia.

Maabara wanafanya hivi. Wanakata slaisi kwa msumeno wa almasi, wanaibandika kwenye kioo, wanaisaga mpaka inabaki unene wa milimita 0.03, yaani jiwe jeusi linakuwa jembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Mimi nilisaga slaisi za mawe ya Usambara chuoni, vidole vinakufa ganzi na ukizidisha dakika moja jiwe lote limeishia kwenye unga. Lakini ukiiweka chini ya hadubini yenye vichujio viwili vya mwanga, olivini, moja ya madini makuu ya mawe haya, inawaka bluu, pinki, njano kama khanga mpya zimeanikwa, na katika kondraiti unaona duara zima limejaa fito fito za rangi moja, au duara lenye mishale inayofunguka kama upepeo wa ukili. Ukishaliona hulisahau.

Uzuri huo unasaidia kwenye namba. Kwenye herufi unahitaji kitu kingine, na hapa nataka twende taratibu mana ndo penye fundo.

Kondraiti za kawaida, ambazo ni zaidi ya 80 katika kila 100 ya vimondo vinavyoanguka, zina makundi matatu: H, L na LL. H maana yake chuma kingi, L chuma kidogo, LL chuma kidogo zaidi na chuma halisi kidogo zaidi. Kwa hiyo ami alipatia, L ni "chini", ila ni chini ya kiasi cha chuma tu, jiwe lenyewe halijawekwa chini ya lolote. Sasa mtu yeyote angesema basi kazi rahisi, saga jiwe, pima chuma, maliza. Kwa jiwe lililoanguka jana ukaliokota leo ingewezekana. Kwa jiwe la jangwani hapana, kwa sababu limekaa pale maelfu ya miaka, na chuma chake kimeshika kutu, kingine kimeyeyuka na umande kikatoka, chumvi na chokaa za ardhini zimeingia kwenye nyufa, hata stronti na bari zinajipenyeza kutoka kwenye udongo. Ukisaga ukapima unapima jangwa na jiwe kwa pamoja.

Wanachofanya ni kuacha chuma kinachoonekana na kwenda kuuliza chuma kilichojificha. Chuma kwenye kondraiti kina mifuko miwili. Mfuko wa kwanza ni chuma halisi, zile punje zinazong'aa, pamoja na kile kilichoshikana na salfa. Mfuko wa pili ni chuma kilichoungana na oksijeni kikaingia ndani ya fuwele za olivini na za piroksini, madini mwenzake, kikakaa humo pamoja na magnesi. Anayehamisha chuma kutoka mfuko wa kwanza kwenda wa pili ni oksijeni, ikiwa nyingi pale jiwe lilipozaliwa chuma kingi kinahamia kwenye olivini, ikiwa chache kinabaki chuma. Kwa hiyo, na hapa ndo wanafunzi wengi wanapokwama, jiwe la H lenye chuma kingi kwa jumla lina chuma KIDOGO kwenye olivini yake, na jiwe la LL lenye chuma halisi kidogo lina olivini yenye chuma kingi. Vinakwenda kinyume. George Prior wa makumbusho ya London aliliona jambo hili mapema, mwaka 1916, kwamba kadiri chuma halisi kinavyopungua kwenye kondraiti ndivyo madini mengine yanavyozidi kuwa na chuma, na kile chuma kidogo kilichobaki kinakuwa na nikeli zaidi. Kuyatenganisha makundi ya H na L kwa hesabu za kikemia kulifanywa na Urey na Craig mwaka 1953.

Na raha yake ni kwamba mfuko wa pili umefungwa. Kutu inakula punje za chuma mwanzo kabisa, lakini olivini inavumilia, chuma kilichomo kwenye fuwele hakitoki mpaka jiwe lichakae vibaya mno. Kwa hiyo wanachukua mashine inayorusha mwale wa elektroni kwenye punje moja ya olivini, nyembamba kuliko unywele, na kusoma chuma dhidi ya magnesi. Wanaandika Fa, yaani sehemu ya chuma kwenye olivini, na asilimia. Ikiwa kati ya 16 na 20 ni H. Kati ya 22 au 23 na 26 ni L. Kati ya 27 na 32 ni LL. Wanarudia kwenye piroksini kuhakikisha. Ya Seif ilikuja Fa 25, piroksini 21, ikaangukia katikati ya L bila ubishi. Kuna mawe yanayokaa mpakani, hayo yanaandikwa L/LL au H/L na watu wanaendelea kubishana, mana maumbile hayakuchora mistari, mistari tumechora sisi.

Nani ana herufi ipi huko angani? La uhakika zaidi ni LL. Wajapani walipeleka chombo Hayabusa kwenye asteroidi ndogo Itokawa, kikarudi mwaka 2010 na vumbi kidogo sana, wakaliweka kwenye mashine ileile ya elektroni, na olivini yake ikasoma LL. Yaani namba waliyokuwa wanaipata kwenye mawe ya jangwani ndo hiyohiyo waliyoikuta juu ya asteroidi yenyewe.

Sasa ile 6. Mwaka 1967 Van Schmus na Wood walipanga ngazi ya namba, na ukiitazama kama ngazi ya kupanda tu utapotea, mana ngazi hii mwanzo wake uko katikati. Simama kwenye 3. Hiyo ndo kondraiti iliyobaki karibu na ilivyozaliwa, kondruli zake kali kali, mipaka inaonekana, kila punje ya olivini ina kiasi chake cha chuma tofauti na jirani yake. Ukitoka 3 kwenda 4, 5, 6 unakwenda upande wa joto. Ukitoka 3 kurudi 2 na 1 unakwenda upande wa maji. Namba 1 haimaanishi ya kwanza kwa ubora, inamaanisha maji yamelibadilisha kabisa.

Na namba 1 inatuhusu sisi. Tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka kimondo Ivuna, kusini magharibi mwa nchi yetu, gramu 705, laini, cheusi, na kondruli hakina, maji ya huko kwao yalishazigeuza udongo. Kundi zima la kondraiti za aina hiyo linaitwa CI, na ile I ni ya Ivuna. Muundo wake wa kikemia, ukiacha gesi, unakaribia wa Jua lenyewe kuliko jiwe lingine lolote tulilonalo, na Hayabusa2 ilipoleta mchanga wa asteroidi Ryugu mwaka 2020 wanasayansi walikuta unafanana na kundi hilohilo. Kila nikiandika jina hili mkono unanitetemeka kidogo kwa furaha. Kijiji cha kwetu ndo kipimo cha mfumo mzima wa jua.

Turudi kwenye joto. Kashata yetu ukiiweka juu ya jiko la moto mdogo usiku kucha, bila kuyeyuka, karanga na sukari zinaanza kuungana, mipaka inafutika. Aina ya 4 kondruli bado zinaonekana vizuri lakini olivini zote zimeshafanana chuma. Ya 5 mipaka inafifia. Ya 6 inabidi uzitafute, na punje mpya za feldispa, madini mengine ya jiwe, zimekua mpaka zinazidi mikroni 50, yaani milimita 0.05, hicho ndo kipimo wanachokiangalia. Joto la aina ya 6 lilifika karibu digrii 900. Lilitoka wapi? Sio kwenye Jua. Lilitoka kwenye alumini ya mionzi iliyokuwemo ndani ya jiwe lenyewe, inapungua nusu kila miaka laki saba hivi, kwa hiyo ikawaka mwanzoni ikaisha. Ndo mana ni kinyume cha mkate wa kumimina, ule unaoweka makaa juu na chini ukaungua nje kwanza, asteroidi ilipikwa kutokea ndani, tumboni moto zaidi na ngozi baridi, na wengi wanaifikiria kama kitunguu: maganda ya nje aina ya 3, yanayofuata 4, kisha 5, na 6 kiini. Jiwe la Seif basi lilikuwa ndani sana. Kuna kilomita za mawe zilizokuwa juu yake.

Na kama lilikuwa ndani sana, nani alilitoa? Hapo ndo S inapoingia. Ngazi ya S1 mpaka S6 ilipangwa na Stöffler, Keil na Scott mwaka 1991, na wanaiangalia kwenye slaisi ileile. Ukizungusha olivini isiyogongwa inazima mwanga mara moja yote. Iliyogongwa kidogo inazima kwa mawimbi. Ikigongwa zaidi inapata nyufa zilizonyooka sambamba, na kwenye S4 fuwele moja inaonekana kama imevunjika vipande vidogo vidogo vinavyozima kila kimoja kwa wakati wake, mithili ya kioo cha mbele cha gari kilichopigwa jiwe kikabaki palepale. S5 feldispa inageuka kioo. Pigo la S4 linakadiriwa shinikizo la mara laki tatu la hewa tunayovuta hapa.

Kundi la L linajulikana kwa kugongwa. Mawe mengi ya L ukipima umri wa gesi ya agoni iliyobaki ndani yanakwambia kitu kimoja, kwamba miaka kama milioni 470 iliyopita mama yao alivunjwa. Na ushahidi mwingine umetoka kwenye machimbo ya chokaa, nawaambia kama mtu wa chokaa, kule Sweden, mahali panaitwa Thorsberg, wachongaji walikuwa wakikuta madoa meusi kwenye slebu zao za sakafu wanazitupa kwa sababu zimeharibika. Yale madoa ni vimondo, zaidi ya 100 sasa, vilivyoanguka baharini enzi hizo na kuzikwa kwenye tope la chokaa. Vimeshageuka vyote, olivini hakuna, chuma hakuna, imebaki punje ngumu ya kromaiti tu, na kwa kromaiti peke yake wameweza kusema karibu vyote ni vya L. Tangu nimelijua hili naangalia kila slebu inayopita mbele yangu. Chokaa yetu ya Amboni ni ya enzi ya Jurasi, changa kuliko ile, lakini mvua ya vimondo haikuwahi kukatika.

W ni ya mwisho, na mtu wa Tanga haihitaji maelezo mengi, mana tunaishi nayo. Bati jipya Raskazone miaka michache tu chumvi imeshalila. Ngazi hii ya W0 mpaka W6 ilitolewa na Wlotzka mwaka 1993, na inauliza jambo moja, punje za chuma na za salfa ndani ya slaisi zimegeuka kutu kwa kiasi gani. W1 ni kingo tu. W2 karibu 20 mpaka 60 kwa mia. W3 ni 60 mpaka 95. W4 karibu hakuna chuma kilichosalia, na ndo kwenye W5 na W6 olivini yenyewe inaanza kuoza, maana yake ule mfuko wa pili unafunguka. Jiwe la Seif kwa nje lilikuwa jeusi linapendeza, ukiliona ungesema jipya, kumbe ndani zaidi ya nusu ya chuma chake ni kutu. Ganda la nje lisikudanganye, na pia W haikupi umri moja kwa moja, mana jiwe lililokaa bondeni penye unyevu linaoza haraka kuliko la kwenye mwinuko. Umri wa kukaa duniani wanaupima kwa kaboni 14, na kwenye majangwa ya Oman wanapata maelfu mpaka makumi ya maelfu ya miaka. Lingeanguka hapa kwetu, kwenye mvua za masika na chumvi ya bahari, lingekuwa udongo mwekundu zamani. Hiyo ndo sababu vimondo vinaokotwa jangwani na kwenye barafu, ingawa vinaanguka kila mahali karibu sawasawa.

Mwisho wa kazi ni jina. Kamati ya majina ya Jumuiya ya Vimondo, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1933, haikubali jina mpaka kipande kibaki kwenye taasisi kwa ajili ya watafiti, gramu 20 au asilimia 20 ya jiwe, kile kilicho kidogo. Sehemu zenye vimondo vingi zinapewa jina moja na namba zinapanda, kwa hiyo la Seif linaanza na Jiddat al-Harasis na namba yake. Yale yanayonunuliwa sokoni Sahara ambayo hakuna anayejua yaliokotwa wapi yanaitwa NWA (yaani Kaskazini Magharibi mwa Afrika) na namba, na nikiona NWA huwa nasikitika kidogo, kwa sababu nalisoma kama "mzazi hajulikani".

Haya yote nilimweleza ami kwa kikombe cha kahawa na kashata mkononi, ilichukua muda, na hakuchoka. Alipoelewa akauliza swali zuri kuliko la kwanza: je, L6 nyingine zipo karibu yetu? Nikamwambia L6 ndo aina nyingi kuliko zote zinazoanguka, na kuna moja ilianguka mwaka 1853 inaitwa Duruma.

"Duruma?" akasema. "Si hapo nyuma ya Mombasa?"

Ndo hapohapo. Herufi ileile, namba ileile, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa jiwe lile na la Seif yalikuwa ndani ya asteroidi moja kabla haijavunjwa. Ami akachukua simu akampigia Seif usiku uleule kumwambia.